Mapumziko Kati ya Filamu Mbili

Kwa sura hakuna aliyemjua. Lakini afungue mdomo tu dukani, aombe kipande cha sabuni, utasikia mtu nyuma yake kwenye foleni: "Wee! Huyu si Usiondoke huyu?" Naye hugeuka ameona haya, mtu mzima na kitambi chake na mfuko wa nyanya mkononi, anacheka kidogo, analipa, anaondoka haraka. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, limeandikwa kwenye kitambulisho, ila hata kazini walishalisahau. Alikuwa Usiondoke, basi.

Jina lilitokana na kazi. Alikuwa mtangazaji wa mapumziko kwenye kampuni ya televisheni ya filamu, zile chaneli za kulipia. Sasa usije ukadhani ni mtangazaji wa habari, mwenye suti na poda usoni. Hapana, yeye alikuwa sauti tu. Filamu ikiisha, yale majina mengi yasiyosomwa na mtu yakiwa yanapanda kwenye skrini, ndipo anapoingia: "Usiondoke. Inayofuata ni filamu ya..." kisha anakudokezea msichana wa filamu hiyo anampenda nani, na kwa nini baba mtu hataki. Na sauti yenyewe, jamani! Tamu, nzito kidogo, sauti ya mtu aliyeshiba na asiye na haraka ya kwenda popote.

Kampuni ilikuwa na chaneli mama, inayoonyesha filamu mpya kabla ya wengine wote, na chini yake chaneli ndogondogo ambazo wafanyakazi waliziita watoto. Kila mtoto na tabia zake. Kifungua mimba ilikuwa Chaneli ya Mapambano; humo ukipika chai, ukirudi utakuta gari limeshalipuka. Ikafuata Chaneli ya Vitisho, kazi yake kuwanyima watu usingizi. Kulikuwa na ya Vichekesho, kulikuwa na ya Katuni ambayo wazazi waliigeuza yaya asiyedai mshahara. Na kitinda mimba ilikuwa Chaneli ya Mahaba, mapenzi matupu tangu kunapambazuka, watu wanakutana mvuani, wanaachana uwanja wa ndege, wanarudiana hospitalini. Huko ndiko alikokuwa Usiondoke wetu, na watu wa Mapambano walimtania kwamba ameajiriwa kuwaliza wanawake.

Mtazamaji mkubwa kuliko wote wa chaneli hiyo alikuwa mama yake mzazi. Mama huyu alikuwa mpishi wa hospitali. Maisha yake ya kazi aliyamaliza amesimama mbele ya masufuria makubwa, na miguu ikamlipa kwa kuvimba. Sasa aliishi kwa binti yake wa kwanza, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba vichache ambapo sebule na chumba cha kushonea vilitenganishwa na pazia. Mchana ukifika, mama alikaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, rimoti mapajani, na hapo humtoi mpaka jua lizame.

King'amuzi alifungiwa na mwanawe huyohuyo, kwa mikono yake mwenyewe, akalipia kifurushi kizima, chaneli mama na watoto wake wote. Siku hiyo alimwambia, "Mama, hizi filamu zako hazitakatika nikiwa hai." Mama akajibu, "Haya, tutaona," kama kawaida yake, maana hakuwa mwanamke wa kushukuru haraka. Lakini Usiondoke aliichukua ahadi ile akaiweka moyoni. Alikuwa anaishi upande mwingine wa mji, zamu zake za kazi zilikuwa za kukatakata, nyumbani kwa mama alifika Jumapili tu, tena si kila Jumapili. Simu nayo mama hakuipenda. Kwake yeye simu ilikuwa chombo cha kuletea habari za msiba, ikilia anashika kifua kwanza. Kwa hiyo mwana alijisemea: mimi sipo, lakini filamu zipo. Hicho ndicho nilichompa.

Alipokwenda kumwona, alimkuta anawagombeza waigizaji. "Huyu mwanamume hana akili hata chembe," mama angesema, akinyoosha kidole kwenye skrini. "Mpaka mwanamke apande ndege ndipo anakumbuka kwamba anampenda. Siku zote alikuwa anafanya nini?" Usiondoke angecheka, angekunywa chai, angeaga. Kuhusu mapumziko, yaani kuhusu ile sauti inayoingia kati ya filamu na filamu, hakuwahi kumuuliza neno.

Na hakuuliza kwa sababu aliijua kazi yake. Siku ya kwanza tu, fundi mitambo, mzee mmoja mcheshi anayekaa upande wa pili wa kioo na kubonyeza vitufe, alimwambia, "Kaka, tusidanganyane. Mapumziko ni ya choo na chai. Wewe utakuwa unaongea na viti." Wakacheka wote wawili. Ndivyo ilivyo. Filamu ikiisha, watu wananyanyuka, wanajinyoosha, wanakimbilia chooni, wanaweka birika jikoni, na sauti ya mtangazaji inabaki sebuleni peke yake na mito ya makochi. Usiondoke hakuumia. Aliifanya kazi yake kwa roho safi kama mtu anayefagia uwanja ambao hakuna mgeni atakayeupita.

Mtangazaji aliyekuwepo kabla yake ndiye aliyemfundisha namna ya kusema. "Chagua mtu mmoja," alimwambia. "Ongea na huyohuyo kila siku. Ukitaka kuongea na umma mzima utasikika kama muuza dawa ya panya." Naye, bila kufikiri sana, akamchagua mama. Chumba cha kurekodia kilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, kuta zimebandikwa sponji la godoro ili sauti isirudi. Alikuwa anajifungia humo, anafumba macho, anamwona mama kwenye kiti na miguu juu ya kigoda, ndipo anaanza. Kidogokidogo yakaanza kumtoka maneno yasiyohusiana na filamu. "Usiondoke. Ila nyoosha miguu kidogo, izungushe vifundo, damu itembee. Na kama maji yako karibu, kunywa."

"Wee kaka, unatangaza filamu au umefungua kliniki?" fundi mitambo alimuuliza siku ya kwanza kuyasikia, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Iache tu. Si wamekwenda chooni?"

Ikaachwa. Watoto wa mtaani wakaanza kuigizana, "Nyoosha miguu kidogo!" wakirushiana teke. Na Usiondoke akaendelea, hakuna aliyemkataza, akaamini kwamba ule ni mtindo wake tu, kama mwingine anavyokohoa kabla ya kusema.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Mkuu wa Chaneli alipomwita ofisini. Mkuu huyu alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, mwenye adabu zake, aliyemwita kaka hata pale alipokuwa anampa habari mbaya. Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, na Usiondoke alipoona chai inaletwa na biskuti juu akajua kuna jambo.

"Kaka, tunaifunga Mahaba," mkuu alisema.

"Tunaifunga vipi?"

"Tunaizima. Watazamaji wamepungua, wengi wanatazama kwenye simu zao. Tutabaki na watoto wengine. Filamu za mapenzi mkataba wake unaisha, hatutauendeleza." Kisha akaongeza haraka, maana aliuona uso wa mwenzake umebadilika, "Lakini wewe usiwe na shaka hata kidogo. Hujamwaga unga. Sauti yako watu wanaijua. Nakuhamishia Mapambano."

Usiondoke hakuisikia hata hiyo Mapambano. Alikuwa anamwona mama yake na rimoti mapajani, anabonyeza, anabonyeza, na kila anapobonyeza anakutana na mtu anapigwa risasi. Mama hakuweza kutazama damu. Hata kuku akichinjwa aligeukia ukutani. Filamu zikienda, mchana wake utakuwa na nini? Miguu haimpeleki popote. Dada mtu yuko kwenye cherehani tangu asubuhi. Atakaa pale anatazama ukuta, na ahadi ya mwanawe itakuwa imekwenda na maji.

"Bosi," alisema, "hakuna namna filamu zikabaki? Hata mchana tu."

Mkuu wa Chaneli akakuna kichwa kwa kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba mchana wa chaneli mama umelegea, na filamu za mapenzi zingeweza kuwekwa pale. Ila mapumziko ya chaneli mama yameshauzwa kwa matangazo ya biashara, hakuna nafasi ya mtangazaji. Na ili mkataba wa filamu uendelee, lazima kitu kingine kipunguzwe, na kitu pekee alichokuwa na mamlaka nacho ilikuwa ile nafasi mpya ya mtangazaji wa Mapambano.

"Siwezi kukupa vyote viwili, kaka. Ama sauti yako ibaki hewani, ama filamu zibaki."

"Filamu zibaki."

"Fikiria kwanza, jamani! Lala, uje kesho."

"Nimeshafikiria. Filamu watu wanaikalia. Sauti yangu wanaisikia wakiwa chooni."

Mkuu akaona amekaza uso kweli, akaandika. Usiondoke akapewa kazi ya kukagua filamu kabla hazijaenda hewani, akae kwenye chumba chenye giza atafute mikwaruzo na sauti zilizokatika. Nafasi hiyo ilikuwa wazi na bajeti yake ipo, hivyo mshahara ukabaki uleule. Alitoka mle ofisini kifua mbele, nakwambia, kama mtu aliyemnunulia mama yake nyumba. Hakumwambia mtu sababu. Aliona hakuna haja ya kumtia mama simanzi, ajue kwamba mwanawe ameacha kitu kwa ajili yake.

Siku ya kurekodi mapumziko ya mwisho alijifungia kabatini kwake kama kawaida. Akafumba macho, akamwona mama. "Usiondoke," akaanza. "Inayofuata ni..."

Kwenye vipokea sauti vya masikioni ikaja sauti ya fundi mitambo, ya chini sana. "Hakuna inayofuata, kaka."

"Nimesahau."

"Rudia tu. Hatuna haraka leo."

Akarudia. "Filamu zimeisha hapa. Nyoosha miguu kidogo. Kunywa maji." Akatafuta neno la kufungia, akakosa, akasema lililo karibu: "Kwaheri." Alipofungua mlango alimkuta yule mzee mcheshi anapenga kamasi kwenye leso, anasingizia vumbi.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa mama kwa mwendo wa mshindi. "Mama, filamu zako ziko chaneli mama sasa. Bonyeza namba moja tu, mchana kutwa ni mapenzi."

Mama hakumshangilia. "Na wewe?"

"Mimi nipo."

"Upo wapi?"

"Kazini, mama. Nitakuwa wapi tena?"

Mama alimkodolea macho, kisha akayahamishia kwenye kikombe chake. "Haya," alisema. Usiondoke akadhani ni ile "haya" ya siku zote. Akanywa chai, akaaga, akaenda zake.

Kazi mpya ikammeza. Jumapili moja akaitwa zamu, ya pili mafua yakamlaza. Mchana mmoja katikati ya wiki, yumo gizani anakagua harusi ya watu asiowajua, simu ikatikisika mfukoni. Alikuwa dada yake.

"Njoo umwone mama," dada alisema. Dada huyu hakuwa na maneno mengi. Kuishi na pini mdomoni kulimfundisha kubana maneno.

"Anaumwa?"

"Miguu imevimba mpaka viatu havimwingii. Nikimwambia anyooshe, ananiambia mimi si daktari. Chakula anakichezea. Na kuna jambo jingine, siwezi kukueleza kwa simu, utasema nimetia chumvi. Njoo."

Usiondoke akaomba ruhusa, akafika roho juu. Hata kabla hajabisha hodi alisikia mayowe ndani. Mayowe ya kweli, ya watu wanaouawa! Akausukuma mlango, akaingia mbio, akasimama katikati ya sebule amepigwa na butwaa.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, mtandio ameufunika machoni, vidole masikioni. Kwenye televisheni maiti waliofufuka, nyama zinawaning'inia, walikuwa wanawafukuza watu kwenye maegesho ya magari. Ilikuwa Chaneli ya Vitisho, yenyewe, mchana kweupe.

"Mama! Tangu lini unatazama maiti?"

"Shh!" Mama hakufunua hata jicho. "Kaa chini. Inakaribia kuisha."

"Umekosea chaneli, mama. Zako ziko namba moja. Saa hizi kuna ile ya daktari na mwalimu wa muziki, unayoipenda."

"Najua iko wapi. Mimi si mjinga."

Akanyoosha mkono kuichukua rimoti ambadilishie. Mama, kwa macho yaleyale yaliyofunikwa, akampiga kofi mkononi, paa, kofi la enzi za utotoni alipokuwa anadokoa nyama jikoni. Akaurudisha mkono. Akakaa. Miguu ya mama ilikuwa juu ya kigoda, imejaa, ngozi inang'aa, na kuiona tu kulimkata maini.

Maiti wakala waliokuwa wa kuliwa, filamu ikaisha, majina yakaanza kupanda. Hapo mama akautupa mtandio mabegani. Akaongeza sauti ya televisheni. Akaegemea mbele, mikono magotini, uso umekaribia skrini, kama mtu anayesubiri mlango wa chumba cha wagonjwa ufunguliwe. Likaingia tangazo la dawa ya meno. Mama akalisikiliza lote, mpaka mwisho, na lililofuata, la rangi ya nyumba, na la tatu pia. Halafu filamu nyingine ikaanza, mlango ukalia kwii, na mama akajirudisha kwenye kiti taratibu.

"Na huku hayupo," alisema. Hakumwambia mwanawe. Alimwambia binti yake, aliyekuwa amesimama penye pazia, utepe wa kupimia shingoni.

"Nani hayupo?" Usiondoke aliuliza.

Mama akaangalia dirishani. Dada akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kifuani mwa gauni lake, na hapo ndugu yake akajua kwamba leo maneno yatakuwa mengi.

"Hivi wewe una akili kweli? Anakutafuta wewe! Wiki nzima alikuwa Mapambano, risasi mpaka kichwa kikamuuma nikamfunga kitambaa. Akaenda Katuni, akatazama sungura wanapigana nyundo. Vichekesho ndiyo usiseme, alikaa na uso mkavu mpaka nikaona haya mimi. Sasa yuko kwa maiti. Nikimwambia acha, anasema labda wamempeleka huko, ngoja iishe nisikie."

"Anisikie mimi?" Kigugumizi kilimshika, yeye aliyekuwa analipwa kwa ulimi wake. "Lakini mapumziko... Mama, mapumziko watu huenda chooni."

"Mimi chooni naenda filamu ikianza," mama alisema kwa hasira. "Mwanzo wa filamu zote ni mmoja. Gari linaingia mjini, muziki unapigwa, mtu anashuka na begi. Kuna nini hapo cha kukosa?"

"Na filamu je?"

"Filamu! Zimenichosha, mwanangu. Wanapendana, wanagombana, mvua inanyesha. Nilikuwa nazivumilia ziishe ili uje. Ulikuwa unakuja kila siku. Unaniambia nisiondoke, ninyooshe miguu, ninywe maji. Mimi na wewe tu, huyu akiwa kwenye cherehani yake. Halafu siku moja unaniambia kwaheri." Sauti ya mama ikapasuka hapo. "Mtoto anamwambiaje mama yake kwaheri kwenye televisheni? Nakuuliza, unasema nipo, nipo. Upo wapi sasa? Nikajua wamekufukuza unanificha, au umeugua koo. Nikasema nitamtafuta mwenyewe."

Usiondoke alijaribu kujikaza, hakuweza. Alilia, mtu mzima na kitambi chake, bila hata kujifuta. Alimweleza yote, ofisi ya mkuu, chai na biskuti, ama sauti ama filamu. "Nikachagua filamu, mama. Kwa ajili yako. Nilidhani ndizo unazozipenda."

"Ulidhani." Mama akatikisa kichwa. "Tangu mdogo wewe ni wa kudhani. Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza nini? Mama, unanisikiliza?"

"Ndiyo. Ndicho ulichotakiwa kuuliza."

Dada akaangua kicheko katikati ya machozi yao, maana alikuwa amekizuia kwa muda mrefu. "Kukusikiliza tu? Anakujibu! Wewe huko, usiondoke. Yeye hapa, niondoke niende wapi na miguu hii, mwanangu, wewe umekula? Kila siku, neno kwa neno. Mara ya kwanza nilidhani mama ameanza kuchanganyikiwa, nikataka kumpeleka hospitali. Baadaye nikaona ni mazungumzo kama mazungumzo mengine, tena nyie wawili mnaongea vizuri kuliko mnapokutana."

"Nenda kashone," mama alimwambia, lakini alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Usiondoke akainuka. Aliichukua rimoti, na safari hii mkono wake haukupigwa, akabonyeza namba moja. Daktari na mwalimu wa muziki walikuwa wameshafika uwanja wa ndege, mvua inanyesha kama alivyosema mama. Wakakumbatiana. Majina yakaanza kupanda. Tangazo la kwanza lilipoingia, akazima sauti, akasimama kando ya televisheni, akakohoa, akamtazama mama.

Hakuna kilichotoka. Miaka yote alikuwa amesema naye akiwa amefumba macho, ndani ya kabati, bila mtu kumwona. Sasa macho ya mama yalikuwa yanamtazama waziwazi.

"Amekabwa," dada alisema.

"Mwache," mama alisema.

Akatupa jicho huku na huku, akaliona pazia. Akapita kwenye chumba cha kushonea. Humo magauni ya wateja yalikuwa yametundikwa kwenye kamba kutoka ukuta mpaka ukuta, mazito, ya kila rangi. Akajipenyeza katikati yake, nguo zikamkaba mabega, kelele za nje zikafifia, na pakawa kimya kilekile cha sponji anachokijua. Akafumba macho. Akamwona mama kwenye kiti, miguu juu ya kigoda, palepale alipokuwa.

"Usiondoke," alisema, na sauti ikaja yenyewe, tamu, nzito kidogo, haina haraka. "Inayofuata ni filamu ya binti mmoja anayempenda mwanamume asiyejua kuuliza. Lakini kwanza nyoosha miguu kidogo. Izungushe vifundo, damu itembee." Kisha akaongeza neno ambalo hewani hakuwahi kulisema hata siku moja. "Mama."

Akasikia kigoda kinasogezwa. Akasikia miguu inaburuzwa sakafuni, kushoto, kulia, na mama anaguna kwa maumivu.

"Niondoke niende wapi na miguu hii, mwanangu?" mama alijibu kutoka sebuleni. "Wewe umekula?"

Na mle ndani ya magauni, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Usiondoke akapata nafasi ya kujibu. "Bado, mama."

"Basi toka humo kwenye nguo za watu," mama alisema, "uje ule."